Msumari wa Plagi

Mke wangu Teodora hajawahi kushika randa, tangu tuoane mpaka leo. Lakini mtu akifika hapa Buzuruga akauliza fundi wa madirisha ya mninga, watoto wa mtaani wanamwambia, "Kwa Mama Mhoja," na wanampeleka mpaka mlangoni. Mimi huwa nipo bandani. Nainua mkono kumsalimia mgeni, kisha naendelea na kazi. Wengi wanadhani nilimfundisha mimi. Si kweli, na ndiyo sababu naandika.

Teodora kwao ni Bujora, kule Kisesa. Baba yake, Mzee Nkwabi, aliwahi kufanya kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, na mashine ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia. Mzee ni mcheshi. Akisalimiana na watoto huwapa mkono huo na kuwaambia wahesabu kama vidole vimetimia, nao huangua kicheko. Teodora hakuwahi kucheka. Alipokuwa mtoto, ndiye aliyekuwa akimfunga baba yake vifungo vya shati kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Siku nilipopeleka posa aliniuliza jambo moja tu kuhusu kazi yangu.

"Unatumia mashine?"

"Natumia mkono," nikamjibu.

"Basi sawa."

Wakati ule lilikuwa jibu la kweli. Nilikuwa seremala katika karakana ya shirika moja la umma. Mashine kubwa zilikuwa na watu wake, mimi nilikuwa wa randa na patasi. Mwaka 1993 shirika likapunguza wafanyakazi. Majina yalibandikwa ukutani, na langu, Luhende, lilikuwa karibu na mwisho wa karatasi. Nikarudi nyumbani na kiinua mgongo changu na sanduku la vifaa.

Mimi si mtu wa kuzunguka kuomba kazi. Kusimama mbele ya mtu na kujisifu kwamba naweza hiki na kile ni jambo linalonikausha mate. Aliyezunguka ni Teodora. Alikuwa anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na kila aliyepimiwa dagaa alipewa na habari za mume wake fundi. Ndivyo nilivyopata vitanda, meza na kabati za vyombo, nikafungua kazi nyuma ya nyumba chini ya banda la mabati.

Mmoja wa wateja hao wa dagaa alikuwa mke wa Bwana Ally, mfanyabiashara wa vipuri. Bwana Ally alikuwa anajenga Kiseke. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, bidhaa za Dubai zimejaa madukani, na watu waliopata kidogo walikuwa wameanza kuchoka na madirisha ya mbao tupu yanayotia giza mvua ikinyesha. Walitaka vioo. Bwana Ally alitaka madirisha kumi na sita, mninga, kila moja na mbawa mbili za kioo.

"Vuli ikianza nataka familia iwe ndani," aliniambia. "Mwisho wa Septemba. Ukishindwa sema mapema, niweke ya chuma."

Nikasema, "Sawa."

Madirisha ya chuma yalikuwa yanatengenezwa hatua ishirini kutoka kwetu, kwa jirani yangu Masalu, mchomeleaji. Masalu ni mtu mwema lakini mdomo wake haupumziki. Alipoona mbao za mninga zinashushwa alipiga kelele kutoka kwake, akiniita mwanamume kwa Kisukuma: "Wee ngosha! Hizo mbao zikikushinda usizichome. Niletee, nitazifanya kiunzi cha kukalia nikichomelea madirisha ya Ally!"

Nilicheka tu. Lakini nilijua kwamba madirisha yale yakienda kwa Masalu, na mengine yote yatamfuata. Kiseke walikuwa wanajenga watu wengi, na kila mmoja alikuwa anaangalia nyumba ya jirani ameweka nini. Mimi ningebaki kugonga masanduku ya samaki.

Ugumu ulikuwa kwenye mfereji wa kioo. Ukingoni mwa kila mti wa fremu unachimba kama ngazi ndogo, kioo kikae humo. Isipochimbwa sawasawa, kioo kinacheza au kinapasuka. Kwa patasi na randa nyembamba, dirisha moja lilinila siku nne. Nilihesabu siku zilizobaki kwa vidole nikaona hazitoshi.

Nikaenda Makoroboi kwenye duka la Khalidi, muuza mashine zilizotumika. Kule karakana nilikuwa nimeona kwa mbali mashine ya ruta: ina mishikio miwili, na chini yake kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi na kuchimba mfereji kama mtu anavyokata sabuni. Khalidi alikuwa nayo moja. Duka lilijaa watu siku hiyo. Akaniuliza mbele yao wote, "Fundi, unaijua hii, au nikuonyeshe?"

Watu wakageuka kuniangalia.

"Naijua," nikasema.

Nikailipia, nikaifunga kwenye gunia nikaondoka.

Teodora alipoiona hakupandisha sauti. Aliinama akakitazama kile kisu, kirefu kama kidole changu cha mwisho.

"Baba Mhoja, uliniambia mkono."

"Madirisha kumi na sita, mke wangu."

"Hiki ndicho kinachokata? Kidogo hivi?"

"Ndicho."

"Nitakiangalia," akasema, na akaingia ndani. Nilijua hajakubali.

Siku ya kwanza mashine ilinionea. Ubao ulipoanza kuchanika nyuzi nilifanya kile mkono wangu ulichozoea kufanya kwa randa miaka yote: nikageuza mwendo. Seremala wa randa akiona mbao inachanika hurudi upande wa pili, afuate nyuzi zinakolala. Lakini nilipogeuza tu, ruta ilinipokonya. Ilikimbia ukingoni mwa ubao kama ndama aliyekata kamba, ikaacha shimo la kuingia kidole gumba. Niliuficha ubao ule nyuma ya tangi la maji. Nikajaribu tena, mambo yakawa yale yale. Na wa kumuuliza nilikuwa nimeshamwambia naijua.

Sasa, mwaka huo wa 1994 umeme ulikuwa wa mgao. Unakuwepo asubuhi, saa sita hivi unakatika, na wa kurudi haujulikani. Kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kuusubiri. Wengi waliacha redio imewashwa, ikianza kuimba unajua umerudi. Mafundi nao waliacha mashine zao swichi ikiwa imewashwa. Jiwe la kunolea likianza kulia, unaacha bao au ugali unakimbilia kazini. Hata kule karakana tulifanya hivyo. Kwa hiyo Alhamisi moja umeme ulipokatika nikiwa katikati ya ubao, niliilaza ruta juu ya benchi, swichi nikaiacha ilivyo, nikaenda kunawa nile.

Nilikuwa nimemega tonge la kwanza. Teodora alikuwa amekwenda bandani na karai kuzoa maranda ya jikoni, maana tulipikia jiko la maranda. Mara nikasikia watoto wa mtaa mzima wakishangilia, "Umeme huoo!" Kabla hawajamaliza, bandani kukasikika mlio kama wa nyuki elfu.

Nilipofika, ruta ilikuwa imeruka kutoka kwenye benchi. Ilikuwa inazunguka sakafuni kwa kasi, inarusha vipande. Ilikuwa imekula mbawa mbili za dirisha nilizomaliza kuunga jana yake, na pindo la kitenge cha Teodora lilikuwa limesokotwa kwenye kisu. Mimi nilisimama. Nakiri nilisimama tu, nimeshika tonge mkononi. Teodora ndiye aliyeuvuta waya kwa nguvu zote mpaka plagi ikachomoka kwenye soketi. Mashine ikanyamaza pole pole.

Alikaa juu ya rundo la mbao. Kitenge kilikuwa kimechanika mpaka karibu na goti. Mguu ulikuwa mzima.

"Niletee mikono yako," akasema.

Nikampa. Akavihesabu vidole vyangu kimoja kimoja, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa amemwazima mwenzake.

"Kesho hii inarudi Makoroboi."

"Na madirisha?"

"Madirisha sijui. Vidole navijua."

Masalu alikuwa amekuja mbio na kinyago chake cha kuchomelea kichwani. Alipoona hakuna aliyeumia akapata nguvu ya kusema. "Shemeji, mimi nilisema. Chuma hakirukiruki! Nimtafute Ally nimpe habari, au atakwenda mwenyewe huyu ngosha?"

"Masalu," Teodora akasema, "rudi kwako kabla sijakurushia karai."

Asubuhi aliiweka ruta kwenye beseni la dagaa, akajitwika, akaenda. Mimi sikwenda. Nilisema nina kazi ya kupiga randa. Ukweli ni kwamba sikuweza kumtazama Khalidi usoni.

Nilimngoja mpaka alasiri. Alipotokea kwenye kona ya njia nilimtazama shingo kwanza. Ilikuwa bado imekaza. Beseni lilikuwa bado na uzito.

"Amekataa kuipokea?" nikauliza.

"Nimekataa mimi kuirudisha." Akaitua, akakaa, akaomba maji. Kisha akanisimulia, akimwigiza Khalidi mpaka namna anavyovuta ndevu.

Alikuwa ameingia dukani na kutua beseni mbele ya wateja wote. "Mashine yako inataka kuua watu," akamwambia Khalidi.

"Mashine haitaki kitu, mama. Imefanya nini?"

Teodora akaeleza yote, na umeme uliokatika na swichi iliyoachwa. Khalidi akajishika kichwa. "Lakini mumeo aliniambia anaijua!"

"Mume wangu anaona aibu. Hata shikamoo anaitoa kwa mafungu. Wewe unamuuliza mbele ya watu, ulitaka aseme nini? Sasa mimi sioni aibu. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe wewe?"

"Kuna mwingine amesimama hapa?"

Khalidi akacheka, akafunga ubao kwenye benchi lake kwa klampu mbili. Alimwonyesha mara tatu, kisha akamwachia mishikio. Wateja waliacha kununua wakasimama kutazama. Teodora aliniambia kwamba mara ya kwanza alifumba macho, na Khalidi alimgombeza kama mtoto. Mara ya nne wateja walipiga makofi.

"Sasa nisikilize, Baba Mhoja," akasema. "Na usitikise kichwa kama unajua."

Nikasikiliza. Alikuwa ameyashika yote kama mtu anavyoshika bei za sokoni. Kisu kinaingizwa kwenye kichwa chake mpaka mwisho, kisha kinarudishwa nyuma unene wa punje ya mchele, ndipo unakaza kwa spana. Ubao lazima ubanwe. Haushikiliwi na mtu wala kukaliwa. Mfereji hauchimbwi mara moja: unakula kidogo, unashusha kisu, unakula tena kidogo. Na ubao ukiwa mbele yako, ukingo upande wa tumbo lako, unasukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Siku zote. Kisu kinazunguka kwa namna yake, nawe unakwenda kukipinga, ndipo kinatulia. Ukikifuata kinakukimbia.

"Hata mbao ikichanika?" nikauliza.

"Hata ikichanika. Ukiona inachanika, punguza kina. Usigeuze."

Nikaenda nyuma ya tangi, nikamletea ule ubao niliouficha. Akaangalia lile shimo, akaniangalia mimi. Akachukua nyundo, akapigilia msumari wa inchi nne kwenye nguzo ya banda, juu kidogo ya benchi, mahali ambapo mtu aliyesimama kazini hawezi kukosa kuuona.

"Huu ni wa plagi," akasema. "Mkono wa mtu haukigusi kisu kama plagi haijaning'inia hapa. Umeme ukikatika, swichi inazimwa, plagi inakuja hapa. Ukienda kula, plagi hapa. Ukiitwa na mgeni, hapa."

"Na tutajuaje umeme umerudi?"

"Taa ya bandani itawaka. Taa haina meno."

Siku iliyofuata nilijaribu mimi kwanza. Kushoto kwenda kulia, nilijiambia. Lakini nyuzi zilipoanza kunyanyuka, mkono wenyewe ulitaka kurudi. Niliuzuia, ukataka tena. Mashine ikaruka kidogo, nikazima.

"Ni randa hiyo," Teodora akasema. "Imo mkononi. Sogea."

Alikuwa amevaa shati langu la kazi, mikono imekunjwa mpaka juu ya kiwiko, kitenge amekifunga kwa kukaza, hakuna kinachoning'inia. Kilemba kimebana nywele, kitambaa puani, maana vumbi la mninga linawasha. Machoni alikuwa na miwani ya kusagia chuma, na miwani hiyo ilitoka kwa Masalu. Aliileta mwenyewe, akaitupa juu ya benchi na kusema, "Shemeji, ukipofuka nitamtania nani?"

Teodora alishika mishikio miwili, akasubiri mashine ishike mwendo, akaanza. Hakuwa na haraka. Hakukandamiza. Alikwenda kama anavyokwenda na beseni la dagaa kichwani, mwendo mmoja mpaka mwisho. Akazima, akasubiri kisu kisimame kabisa, akaitua. Nilipitisha kidole kwenye mfereji; haukukwaruza popote. Niliyeona aibu wakati huo nilikuwa mimi, lakini haikuwa aibu ya kuuma.

Tukagawana kazi kwa mgao wa umeme. Ukiwepo, Teodora anachimba. Ukikatika, plagi inakwenda msumarini, na mimi naingia na randa, msumeno na patasi, naunga pembe na kupiga msasa. Dagaa alimwachia shoga yake Mwaija amuuzie kwa wiki hizo. Tulianza zikiwa zimebaki siku ishirini na moja. Madirisha yakaanza kusimama ukutani kwetu, moja, mawili, matano, tisa.

Siku ya madirisha tisa, Bwana Ally alifika bila kutuambia, pamoja na fundi wake wa vioo, kijana aliyeitwa Nestory. Walikuta mimi nimekaa nanoa patasi na mke wangu kafunikwa vumbi jekundu, anachimba. Bwana Ally alisubiri mashine inyamaze.

"Fundi Luhende," akasema, "kazi hii nilimpa nani?"

Kutoka kwa Masalu, kelele za chuma zilikoma. Nilijua anasikiliza. Teodora alinitazama kupitia ile miwani. Alikuwa na majibu tele mdomoni, namjua. Lakini alinyamaza, akaniachia.

Nilisimama. Mate yalikauka kama kawaida.

"Ulinipa mimi," nikasema. "Mbao nimechagua mimi, pembe nimeunga mimi. Mfereji anachimba yeye, kwa sababu anachimba vizuri kuliko mimi. Umekuja na kioo?"

Nilipomaliza nilishangaa. Tangu nizaliwe sikuwahi kumjibu mteja maneno mengi kiasi kile.

Nestory alikuwa na kioo kimoja kilichokatwa kwa kipimo nilichotoa. Alichukua mbawa ya juu kabisa kwenye rundo la mbawa, akailaza, akakishusha kioo. Kilikaa. Akaitikisa mbawa sikioni mwake kama mtu anayesikiliza nazi. Haikutoa mlio.

"Nyingine," Bwana Ally akasema.

Akachukua ya katikati ya rundo, kisha ya chini. Zote kioo kilikaa.

Wakati huo taa ya bandani ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika. Teodora, bila kufikiri na bila kukatiza mazungumzo, alihakikisha swichi ya ruta imezimwa, akachomoa plagi, akaitundika msumarini. Bwana Ally aliufuata mkono wake kwa macho.

"Hiyo ya nini?"

"Ili umeme ukirudi, mashine isitangulie kuanza kazi bila mimi," akasema.

Bwana Ally alicheka, akampa Nestory kile kioo abebe. "Mama Mhoja, nimebakiza mlango wa mbele na kabati la jikoni. Malizeni madirisha kwanza." Kisha akanishika mkono mimi, akaondoka.

Masalu akapaza sauti: "Ngosha! Kumbe unaongea!"

Madirisha yote kumi na sita yalikuwa ukutani Kiseke siku nne kabla ya Septemba kuisha. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha kutoka upande wa ziwa, ya upepo, na kesho yake mke wa Bwana Ally alipitia kwetu kusema hakuna tone lililoingia. Alikuja na jirani yake, mwenye nyumba iliyofikia lenta, juu ya madirisha. Jirani huyo hakuniuliza mimi kitu. Alimwuliza Teodora.

Mwezi Novemba Mzee Nkwabi alikuja kututembelea kutoka Bujora. Nilikuwa na wasiwasi, maana hakuna aliyekuwa amemwambia binti yake anafanya kazi gani. Alikaa kwenye kigoda bandani, akamtazama Teodora akichimba fremu ya mlango kutoka mwanzo mpaka mwisho. Teodora alipomaliza alizima, akasubiri, akatundika plagi, akaingia ndani kumchemshia baba yake chai.

Mzee alinyanyuka. Akaenda kwenye nguzo, akaitoa ile plagi msumarini, akaigeuza geuza kwenye mkono wake wa vidole vitatu. Kisha akairudisha kwenye msumari mwenyewe, akauvuta waya kidogo kuhakikisha imekaa.